Picha ya "Psycho" na Vijana Wetu: Nani Aitazame?



Picha ya sinema iitwayo Psycho, iliyotengenezwa na Bwana Alfred Hitchcock, ilianza kuonyeshwa mjini New York tarehe 16 Juni, 1960. Tangu siku hiyo imepita zaidi ya miaka 60, na watu hawajaacha kubishana juu yake. Ubishi huo sasa umefika kwetu. Baadhi ya wanafunzi wa zamani wamependekeza picha hii ionyeshwe bwaloni usiku wa sherehe yetu, na wanafunzi wote waalikwe, tangu Kidato cha Kwanza hadi cha Sita. Wengine wamepinga vikali. Nami, kwa kuwa nilifundisha historia kwa miaka mingi, nimeombwa nieleze habari za picha hiyo na kutoa maoni yangu.

Wanaoitaka wana hoja tatu. Kwanza, wanasema, ni picha ya zamani, na ya zamani haina madhara. Pili, haina rangi, na damu yenyewe haionekani sana. Vijana wa leo wameona mabaya zaidi katika simu. Tatu, wao wenyewe waliiona walipokuwa vijana, na mbona ni wazima? Hizi si hoja za kupuuza. Nitazipima moja moja, lakini kwanza tujue tunazungumza habari ya kitu gani.

Bwana Hitchcock alizaliwa London tarehe 13 Agosti, 1899. Alijifunza kazi ya sinema Uingereza katika miaka ya 1920, wakati picha zilikuwa bado hazina sauti, akahamia Marekani mwaka 1939. Sifa yake kubwa ilikuwa kuweka watu roho juu. Nyinyi mnaosoma fasihi mnalijua neno taharuki. Bwana Hitchcock alikuwa akieleza tofauti ya taharuki na mshtuko kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza. Bomu likilipuka ghafla, watazamaji hushtuka kwa muda mfupi tu. Lakini wakijulishwa mapema kwamba bomu lipo, na waliokaa mezani hawana habari, basi hata mazungumzo ya kawaida huwafanya watazamaji watokwe na jasho. Mtu huyu, kwa hiyo, hakubahatisha. Alijua namna hofu inavyotengenezwa, kama fundi seremala ajuavyo mbao.

Hadithi ya Psycho ilitoka katika kitabu cha Robert Bloch kilichochapishwa mwaka 1959. Karani mmoja wa mji wa Phoenix, aitwaye Marion Crane, anaiba dola 40,000 alizokabidhiwa kazini, anakimbia kwa gari, na usiku wa mvua anafika katika nyumba ya wageni iliyo mbali na barabara kuu. Mwenye kuiendesha ni kijana mpole, Norman Bates. Juu ya kilima, nyuma ya nyumba hiyo, lipo jumba la zamani ambamo kijana huyo husema anaishi na mama yake. Mwisho wa hadithi sitausema. Bwana Hitchcock aliwasihi watazamaji wasiwasimulie wengine, akataka pia kila mwenye sinema azuie watu kuingia baada ya picha kuanza. Neno moja tu ni lazima niliseme, kwa sababu bila hilo hatuwezi kutoa hukumu: kabla picha haijafika nusu, Marion anauawa kwa kisu akiwa anaoga.

Picha nzima ni ya dakika 109, na tendo lenyewe la kuua halifiki hata dakika moja. Lakini ilichukua siku 7 kulipiga. Kamera iliwekwa katika mikao 78, na vipande vilivyopatikana vikaunganishwa kwa ustadi. Kisu hakionekani wazi kikichoma mwili. Kinachoonekana ni mkono, maji, uso, pazia, na macho. Damu inayotiririka na maji ilikuwa sharubati nzito ya chokoleti. Muziki wa Bernard Herrmann ulipigwa kwa ala za nyuzi peke yake, na fidla zinalia kama ndege aliyeshikwa. Kumbe mtazamaji mwenyewe ndiye anayemaliza kazi ya mwuaji kichwani mwake. Ndiyo maana watu wengi waliotoka kuitazama waliapa kwamba wameona kisu kikiingia, hali hawakukiona.

Hapo hoja ya pili inaanza kulegea. Ni kweli kwamba picha haina rangi na damu yake si nyingi. Lakini nguvu yake haikuwekwa katika damu. Iliwekwa katika akili ya mtazamaji. Mwenye kuhesabu matone ya damu ili ajue kama picha inamfaa mtoto, ni sawa na mtu apimaye ukali wa pilipili kwa kuitazama ukubwa.

Sasa tuje kwenye hoja ya kwanza, yaani uzee wa picha. Hapa historia ina jambo la kutufunza, nami naomba vijana walifuate kwa makini.

Mwaka 1960 Marekani haikuwa na mpango wa kuzipanga sinema zake zote kwa umri wa watazamaji. Tangu mwaka 1930 watengenezaji wa picha walikuwa wamejiwekea kanuni za maadili, na kuanzia mwaka 1934 kanuni hizo zilisimamiwa kwa nguvu. Picha ilipata muhuri au haikupata. Ikipata, ilihesabiwa kuwa inafaa kwa watu wote. Wakaguzi walibishana na Bwana Hitchcock juu ya tendo la bafuni, wakihofia uchi, lakini mwishowe Psycho ikapata muhuri. Basi kwa kanuni hizo hapakuwa na kizuizi cha umri kwa mtoto wa Kimarekani.

Uingereza mambo yalikuwa kinyume. Nchi hiyo ilikuwa na bodi ya ukaguzi tangu mwaka 1912, na mwaka 1951 bodi hiyo ilianzisha daraja la X, maana yake mtu asiyefika miaka 16 asiingie. Psycho ikapunguzwa kidogo, ikawekwa katika daraja hilo. Hata watu wazima wengine iliwashinda. C. A. Lejeune, mwanamama aliyekuwa ameandika habari za sinema katika gazeti la Observer kwa miaka mingi, alitoka ukumbini kabla picha haijaisha.

Tazameni sasa yaliyofuata. Marekani iliachana na kanuni za zamani mwaka 1968, ikaanza kupanga picha kwa madaraja. Psycho kwanza ilipewa daraja la M, yaani kwa watu waliokomaa, ambalo halikumzuia mtoto kuingia. Lakini mwaka 1984 ilipopimwa upya ikapewa R, maana yake kijana asiyefika miaka 17 asiingie bila mzazi au mlezi. Uingereza nayo ilibadili madaraja yake mwaka 1970, na tena mwaka 1982, na Psycho ikashuka kutoka X hadi daraja la miaka 15, ambalo inalo hadi leo.

Je, mmeona? Picha ni ile ile. Nchi moja ilianza kwa kufungua mlango wazi, ikaishia kuubana. Nyingine ilianza kwa kuubana, ikaulegeza. Zilianzia pande mbili zilizo mbali, zikakutana karibu mahali pamoja: miaka 15 upande huu, 17 upande ule. Kama uzee ungekuwa unaondoa ukali wa picha, basi kote kungelegezwa, na leo Psycho ingekuwa picha ya watoto. Haikuwa hivyo. Miaka 60 imeondoa aibu nyingi zilizowasumbua wakaguzi wa mwaka 1960, kama vile kumwona mwanamke amevaa nguo za ndani, au kuona choo kikivutwa maji, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa katika sinema za Marekani wakati ule. Hayo leo hayamshtui mtu. Lakini hofu haikuondoka. Kwa hiyo uzee hupunguza aibu upesi, na hofu hupungua polepole sana.

Lipo tukio jingine la kukumbukwa. Mwaka 1966 shirika la televisheni la CBS la Marekani lilikuwa limekwisha kupanga kuionyesha Psycho majumbani. Mwezi wa Septemba mwaka huo binti wa mgombea wa useneta wa jimbo la Illinois aliuawa nyumbani kwao, na CBS wakaahirisha, kisha wakaiacha kabisa. Picha ilikuwa na umri wa miaka 6, nayo ilikuwa imetazamwa na maelfu kwa maelfu. Kilichobadilika ni hali ya watu waliokuwa wakingojea kuitazama. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba swali la kufaa au kutofaa halimo katika picha peke yake. Limo pia katika mtazamaji, mahali alipo, na yaliyompata karibuni.

Nataka niseme neno pia juu ya historia yetu wenyewe, maana najua wako wazee ambao wakisikia tu neno "ukaguzi" hukunja uso. Wana haki. Wakati wa ukoloni, katika nchi zetu za Afrika Mashariki, serikali za Waingereza zilikuwa zikiruhusu baadhi ya picha kwa Wazungu na kuzikataza kwa Waafrika. Mtu mzima mwenye mke na watoto, mlipa kodi, aliwekwa fungu moja na mtoto, kwa sababu ya rangi yake tu. Hata zilipotengenezwa picha kwa ajili yetu, kama zile za jaribio lililofanywa Vugiri, Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, nia ilikuwa kumfundisha Mwafrika yale ambayo wengine waliamua kwamba yanamfaa. Basi si ajabu kwamba mtu aliyelelewa na kumbukumbu hizo husema, "Mwacheni kila mtu atazame apendacho."

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kosa la wakoloni lilikuwa kumfanya mtu mzima kuwa mtoto. Hatulirekebishi kosa hilo kwa kumfanya mtoto kuwa mtu mzima. Serikali yetu huru ilipotunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, haikufuta ukaguzi. Iliuweka mikononi mwetu. Na kuwa mikononi mwetu maana yake ni kwamba sisi, wala si mtu mwingine, tutaulizwa.

Nimebakiza hoja ya tatu: "Sisi tuliona, na ni wazima." Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa sababu inatoka moyoni. Lakini mwanafunzi wa historia anafundishwa kuuliza: waliosema ni akina nani, na walionyamaza ni akina nani? Katika shule ya wavulana, aliyecheka mbele ya picha ya kutisha husimulia habari zake miaka 40. Aliyelala na shuka kichwani kwa wiki mbili hasimulii. Tulifundishana kwamba mwanamume haogopi, kwa hiyo ushahidi wa upande mmoja wote ulizikwa.

Wako wataalamu waliojaribu kuuzikua. Mwaka 1999 Kristen Harrison na Joanne Cantor wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu zaidi ya 150. Waliwauliza kama utotoni au ujanani waliwahi kutishwa na sinema au televisheni kiasi kwamba hofu ilibaki baada ya picha kwisha. Tisa katika kila kumi walikubali, na karibu robo yao wote walisema kwamba bado wanayo mabaki ya hofu ile, ingawa miaka mingi ilikuwa imepita. Bibi Janet Leigh mwenyewe, aliyeigiza kama Marion, alieleza baadaye kwamba tangu alipojiona katika picha ile aliacha kuoga chini ya bomba la mvua. Huyu ni mtu aliyekuwapo, aliyejua kwamba damu ni chokoleti!

Sasa, ndugu zangu, fikirini mabafu ya mabweni yetu. Mtoto wa Kidato cha Kwanza ana miaka 13 au 14. Ametoka kwao mwezi wa Januari, na wengine wamesafiri siku mbili kufika. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anachukua ndoo yake, anavuka uwanja gizani, na kama umeme umekatika hana hata taa. Bwana Hitchcock hakuchagua jumba la mizimu wala makaburi. Alichagua mahali ambapo mtu yuko uchi, peke yake, maji yanamziba masikio, na mahali ambapo ni lazima arudi kila siku. Kijana anayeishi na wazazi wake anaweza kumwambia mamaye asimame karibu na mlango. Kijana wa bweni atamwambia nani? Kiranja?

Pengine mtu atasema kwamba hata mabibi zetu walitutisha kwa hadithi za mazimwi. Ni kweli, na mimi sikatai kwamba hofu ina mafunzo. Lakini angalieni hadithi zile zilivyojengwa. Zilisimuliwa na mtu unayempenda, ambaye unaweza kumshika nguo. Zilikuwa na wimbo ambao watoto wote waliuitikia, na sauti zao ziliwakumbusha kwamba wako pamoja. Na mwisho zimwi hufa, kidole chake hukatwa, na watu waliomezwa hutoka wazima. Psycho inafanya kinyume kwa makusudi. Inakupa mtu wa kumpenda na kumfuata, kisha inakunyang'anya katikati ya safari, na kukuacha bila wa kumshika. Kwa mtu mzima huo ni ustadi mkubwa, na pengine ndiyo sababu hasa ya picha hii kuheshimiwa. Kwa mtoto ni kama kuachwa sokoni.

Liko pia jambo ambalo halisemwi sana. Karibu na mwisho daktari wa akili anatokea na kueleza ugonjwa wa mwuaji. Maelezo yale ni ya mwaka 1960, nayo yanamwacha mtazamaji akidhani kwamba mgonjwa wa akili ni mtu wa kuogopwa. Wagonjwa walio wengi si wauaji. Ni ndugu zetu wanaohitaji dawa na uvumilivu. Ninyi wanafunzi mnajua jinsi mtu wa namna hiyo anavyopigiwa kelele na watoto barabarani. Sipendi shule yetu iongeze kuni katika moto huo bila kusema neno.

Baada ya kuyasema hayo yote, je, naitaka picha itupwe? La, hasha. Psycho ni kazi ya fundi. Kwa gharama ya dola kama 800,000 tu, na kwa kutumia wengi wa mafundi wake wa vipindi vya televisheni, Bwana Hitchcock alifanya kazi ambayo bado inafundishwa vyuoni. Kijana anayesoma fasihi akiitazama kwa makini atajifunza taharuki kuliko kwa kukariri maana yake daftarini. Kumnyima kijana wa miaka 17 kitu hicho ni hasara.

Basi ushauri wangu kwa kamati ya sherehe ni huu. Kwanza, vidato vya Tano na Sita waalikwe wote. Pili, vidato vya Tatu na Nne waalikwe wale waliotimiza miaka 16, kwa hiari yao, na asiyetaka asiandikwe jina wala asiulizwe sababu. Tatu, vidato vya Kwanza na vya Pili wapewe onyesho lao wenyewe, la picha nyingine nzuri, saa ile ile, ili wasijione kama wamefukuzwa. Nne, picha ionyeshwe saa tisa alasiri wala si usiku, milango iwe wazi, na anayetaka kutoka atoke bila kupigiwa miluzi. Kwa jambo hili, Bwana Hitchcock alifunga milango, sisi tuifungue. Tano, picha ikiisha mwalimu mmoja na mzee mmoja wakae na vijana nusu saa, wazungumze juu ya ustadi wa picha, na juu ya ugonjwa wa akili. Na mzee huyo, kama aliwahi kuogopa, aseme kwamba aliogopa. Hilo moja litawasaidia vijana kuliko mihadhara mingi.

Wako watakaonijibu kwa methali, kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo ni ya mzazi aliyechoka, naye anajua kwamba jeraha la kidole atalifunga mwenyewe jioni ile ile. Sisi wanafunzi wa zamani tutakuja kwa siku moja, tutakula pilau, tutapiga picha za ukumbusho chini ya miti, kisha tutapanda mabasi na magari yetu. Watakaobaki na ndoo zao alfajiri ya Jumatatu ni wao. Haifai tuwaachie mzigo ambao hatutakuwapo kuubeba.

Nawatakieni nyote maandalizi mema.